Jinsi ya Kupima Ofa za Krismasi Nairobi, na kwa Nini Uchague Punguzo la Bei Badala ya Zawadi

Kuanzia mwishoni mwa Novemba, wakati maduka ya Nairobi yanapotangaza mauzo ya Black Friday, hadi wiki ya kwanza ya Januari, wazazi wanapohangaikia karo na sare za shule, mnunuzi wa jiji hili hukutana na ofa za namna mbili. Ya kwanza humpunguzia bei: friji iliyokuwa ikiuzwa Sh52,000 sasa inauzwa Sh47,500. Ya pili huiacha bei pale pale ilipokuwa na kumwongezea vitu: nunua friji, upate blenda, birika la umeme na chupa ya chai bila malipo. Mwongozo huu unashikilia kwamba ofa ya kwanza ndiyo inayomfaa mnunuzi mara nyingi, na unaeleza jinsi ya kulithibitisha jambo hilo mwenyewe kwa hesabu, jinsi ya kumwomba muuzaji aigeuze zawadi kuwa shilingi, na hali chache ambazo zawadi inastahili kupokewa. Bei zote zilizomo humu ni za mfano. Weka zile utakazozikuta dukani.

Kwa nini muuzaji hupendelea kukupa zawadi

Kabla ya kuingia katika hatua zenyewe, ni vyema kuelewa ofa ya zawadi inavyofanya kazi kwa upande wa pili wa kaunta, kwa maana ukishaelewa hilo utajua pa kubana unapofika wakati wa kuongea bei.

Muuzaji au kampuni ya bidhaa huipata zawadi kwa bei ya jumla, kisha huitangaza kwako kwa bei ya rejareja. Birika la umeme lililomgharimu Sh700 likiagizwa kwa maelfu huandikwa "lenye thamani ya Sh1,800" kwenye bango, na kwa hiyo yeye ametoa Sh700 huku wewe ukihesabu kwamba umepokea Sh1,800. Angekupunguzia bei, shilingi mia saba aliyotoa yeye ingekuwa ile ile mia saba uliyopokea wewe. Zaidi ya hayo, zawadi nyingi ni bidhaa zilizokaa ghalani kwa muda mrefu bila kupata mnunuzi, na msimu wa sikukuu ndio nafasi nzuri ya kuziondoa.

Sababu nyingine, ambayo naiona kuwa nzito kuliko hizo, ni kwamba kampuni haitaki bei yake ishuke machoni pa watu. Mnunuzi aliyeizoea friji kwa Sh47,500 mwezi wa Desemba atakataa kulipa Sh52,000 mwezi wa Machi. Blenda ikitolewa badala ya punguzo, bei ya friji inabaki Sh52,000 katika kumbukumbu ya kila mtu, na blenda ikiisha ofa imekwisha. Tena zawadi huvuruga ulinganisho: ni rahisi kulinganisha 52,000 na 47,500, lakini ni vigumu kulinganisha friji yenye blenda katika duka moja, friji yenye pasi na seti ya vikombe katika duka la pili, na friji tupu katika la tatu. Mnunuzi aliyechoka, aliyebeba mtoto na mifuko, huishia kuchagua furushi lililo kubwa zaidi kwa macho.

Udhaifu huu umepimwa. Mwaka 2012, Akshay Rao wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanunuzi wengi huiona nyongeza ya asilimia 50 ya bidhaa kuwa bora kuliko punguzo la asilimia 33 la bei, ilhali kihesabu ofa hizo mbili ni sawa. Katika mojawapo ya majaribio yao, mafuta ya kupaka mikononi yaliuzwa kwa asilimia 73 zaidi yalipotolewa kwa nyongeza kuliko yalipopewa punguzo lililolingana nayo. Tukumbuke kwamba usawa huo ni wa kihesabu tu. Katika maisha ya nyumbani punguzo lina faida zaidi, kwa sababu pesa iliyobaki inaweza kununua unga, kulipa tokeni za umeme au kupunguza deni la karo, na nyongeza haiwezi kufanya lolote kati ya hayo.

Hatua ya kwanza: jua bei ya kawaida kabla ya msimu

Kazi hii hufanywa Oktoba au mapema Novemba, kabla mabango hayajapandishwa. Andika vitu unavyokusudia kununua kufikia Januari, na mbele ya kila kimoja uandike modeli kamili, yaani ile namba ndefu ya herufi na tarakimu iliyobandikwa nyuma ya kifaa au kwenye katoni. Runinga mbili za kampuni moja, zote za inchi 43, zinaweza kutofautiana kwa maelfu ya shilingi kwa sababu moja ina kioo bora au ni ya mwaka wa nyuma, na mnunuzi anayelinganisha jina la kampuni na inchi peke yake atadhani amepata punguzo ilhali amebadilishiwa bidhaa.

Ukipita katika supamaketi, uwe Sarit Centre, Thika Road Mall au tawi lililo karibu na nyumbani kwako, piga picha ya kibandiko cha bei kwenye rafu na uihifadhi. Fanya vivyo hivyo kwa kurasa za maduka ya mtandaoni kama Jumia na Kilimall. Kwa vifaa vya umeme, tembea Luthuli Avenue uulize bei katika maduka matatu au manne bila kununua, kwa kuwa huko bei huongeleka na ile ya kwanza kutajwa si bei. Picha hizi ndizo zitakazokulinda dhidi ya punguzo la uongo, yaani lile la kupandisha bei hadi Sh60,000 kwenye kibandiko, kuikata kwa mstari mwekundu, kisha kuandika Sh52,000 chini yake kana kwamba kuna kilichopunguzwa. Pendekezo langu la kuchagua punguzo badala ya zawadi lina maana pale tu punguzo lenyewe linapokuwa la kweli, na hakuna njia ya kulijua hilo isipokuwa kuwa na bei ya zamani mkononi.

Mbele ya kila kitu andika pia kiasi cha juu utakachokubali kulipa. Kitu kisichokuwa kwenye orodha hakipati nafasi kwa sababu tu kimeletwa na zawadi.

Hatua ya pili: igeuze kila ofa kuwa asilimia

Ofa huandikwa kwa maneno mbalimbali ili zisilinganishwe. Zote zinaweza kurudishwa kwenye swali moja: nitalipa shilingi ngapi kwa kila kilo, kila lita au kila kipande nitakachotumia?

"Nunua moja upate ya pili bure" ni sawa na punguzo la asilimia 50. "Nunua mbili upate ya tatu bure" ni asilimia 33, na "nunua tatu upate ya nne bure" ni asilimia 25. "Ya pili kwa nusu bei" ni asilimia 25 pia, ingawa neno "nusu" huwafanya watu wasikie hamsini. Ofa zote hizi zina sharti ambalo punguzo la kawaida halina, kwamba ni lazima ununue kwa wingi na utumie ulichonunua. Mtu anayehitaji chupa moja ya maji ya matunda ya Sh300, akanunua mbili ili apate ya tatu, ametumia Sh600 mahali ambapo angetumia 300. Na kama chupa mbili zile zitalala kabatini hadi zipite muda, hakuna alichookoa.

Nyongeza ya ujazo inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu asilimia inayoandikwa kwenye pakiti siku zote ni kubwa kuliko akiba unayopata. Chukua sabuni ya unga ya kilo moja inayouzwa Sh320, ambayo pakiti ya sikukuu imeongezewa asilimia 25 bure. Unapata kilo moja na robo kwa Sh320. Gawanya 320 kwa 1.25, utapata Sh256 kwa kilo, yaani akiba ya Sh64, ambayo ni asilimia 20 ya bei ya zamani. Sabuni ya kampuni nyingine ya bei ile ile iliyopunguzwa kwa asilimia 22 itakugharimu Sh250 hivi kwa kilo, na ni nafuu zaidi, ijapokuwa bango lake linaonyesha tarakimu ndogo. Kwa mtindo huo, nyongeza ya asilimia 50 ni akiba ya 33, na nyongeza ya asilimia 20 ni akiba isiyofika 17.

Jihadhari pia na mapunguzo yanayopandana. Duka likisema "asilimia 20, kisha asilimia 10 zaidi ukilipa kwa simu", usijumlishe ukapata 30. Bidhaa ya Sh10,000 inashuka hadi 8,000, kisha inakatwa asilimia 10 ya hiyo 8,000, ambayo ni 800, na bei inakuwa Sh7,200. Umepata asilimia 28.

Kikokotoo cha simu kinatosha kwa hesabu zote hizi. Simama kando ya njia ya rafu uifanye bila haya. Ni pesa zako.

Hatua ya tatu: ipe zawadi bei yako wewe, si bei ya bango

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo huu, na ningeomba msomaji apasome polepole.

Thamani iliyoandikwa kwenye bango ni ya muuzaji. Unachopaswa kukitafuta ni kiasi ambacho wewe, kama zawadi isingekuwepo, ungekubali kukitoa mfukoni kuinunua wiki hiyo. Mwanauchumi Joel Waldfogel aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani swali linalokaribiana na hilo kuhusu zawadi walizopokea wakati wa sikukuu, na katika makala aliyochapisha mwaka 1993 alikadiria kwamba kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi moja ya thamani ya zawadi hupotea, kwa kuwa anayepokea huithamini chini ya bei iliyolipwa. Zawadi hizo zilichaguliwa na watu waliowajua wapokeaji. Zawadi ya dukani imechaguliwa na mtu asiyekujua kabisa, anayetaka kuondoa mali ghalani, na kwa hiyo kuna kila sababu ya kutarajia kwamba hasara itakuwa kubwa zaidi.

Jiulize hivi kwa kila kitu kilichomo kwenye ofa. Je, tayari ninacho kinachofanya kazi? Ikiwa ninacho, thamani yake kwangu ni sifuri, au ni kile ambacho jirani angenilipa leo hii ili akichukue. Je, kilikuwa kwenye orodha yangu? Ikiwa kilikuwepo, thamani yake ni bei nafuu zaidi ninayoweza kukipata mahali pengine, kwa mfano sufuria kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji au birika kule Luthuli, wala si bei ya duka linalotoa ofa. Na je, ubora wake ni ule ambao ningeuchagua mwenyewe? Blenda ya zawadi yenye jagi la plastiki jembamba na mota ndogo haiwezi kuhesabiwa kwa bei ya blenda inayosaga karanga.

Turudi kwenye friji. Duka la kwanza linaiuza kwa Sh52,000 pamoja na blenda, birika la umeme na chupa ya chai, na bango linasema zawadi zote zina thamani ya Sh6,500. Duka la pili linaiuza friji ya modeli hiyo hiyo kwa Sh47,500 bila chochote. Kwa hesabu ya bango, duka la kwanza linakupa friji kwa Sh45,500, na linaonekana kushinda kwa Sh2,000. Sasa weka bei zako. Blenda unayo, kwa hiyo ni sifuri. Birika ulikuwa ukilitaka na ungelipata kwa Sh1,300. Chupa ya chai ungeinunua kwa Sh600. Jumla ni Sh1,900, na bei halisi ya friji katika duka la kwanza ni Sh50,100. Duka la pili linakuokolea Sh2,600. Hata ukinunua birika na chupa kwa pesa zako, utakuwa umelipa Sh49,400 kwa vitu vile vile unavyovihitaji, na umevichagua mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba blenda ya ziada inaweza kupelekwa kwa mama mkwe kijijini wakati wa Krismasi. Ni sawa, mradi ulikuwa umepanga kumpelekea kitu cha bei hiyo. Kama mpango wako ulikuwa kumpelekea leso na kilo chache za sukari, basi thamani ya blenda ni ile ya leso na sukari ulizoacha kununua.

Hatua ya nne: omba zawadi igeuzwe kuwa shilingi

Katika supamaketi bei haiongeleki kwa kawaida. Lakini katika maduka ya Luthuli, River Road, Eastleigh na mengi ya vifaa vya umeme na samani yanayoendeshwa na wenyewe, inaongeleka, na zawadi ni sehemu ya bei. Wanunuzi wengi hukosea kwa kuongea bei kwanza, kisha wakaomba zawadi iongezwe. Fanya kinyume chake: kubali kwamba zawadi ipo, kisha uiuze tena kwa mwenye duka.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi, mnunuzi akiwa amesimama mbele ya friji ambayo katoni ya blenda imefungwa juu yake kwa seloteipu:

"Kijana wangu, friji hii nimeipenda. Blenda ninayo nyumbani. Ukiondoa zawadi zote, unaniuzia friji peke yake kwa pesa ngapi?"

"Mama, hiyo ni ofa ya kampuni. Zawadi haziuzwi, na bei ni ile ile."

"Nimekuelewa. Lakini duka lile la kona wananiuzia modeli hii hii kwa elfu arobaini na saba na mia tano, hii hapa picha. Mimi ningependa kununua kwako kwa sababu umenihudumia vizuri. Baki na zawadi zako, nikulipe elfu arobaini na saba sasa hivi kwa M-Pesa."

"Haki mama, hiyo itakuwa hasara. Ngoja nimuulize mwenye duka."

Mama huyu amefanya mambo manne yanayostahili kuigwa. Ametaja modeli na bei pinzani yenye ushahidi, hakuidharau bidhaa, ameonyesha kwamba yuko tayari kulipa papo hapo, na ametaja kiasi kilicho chini kidogo ya bei pinzani ili pabaki nafasi ya kukutana katikati. Mwenye duka akirudi na Sh48,500, mama ana uwezo wa kusogea hadi 47,500 bila kupoteza chochote, na zaidi ya hapo ana duka la kona.

Wakati mwingine muuzaji husema kweli: zawadi zimetoka kwa msambazaji zikiwa na kibandiko cha "haiuzwi", na akizibakiza hapati pesa yoyote kutoka kwa kampuni. Kibandiko hicho ukikiona, acha kuibana zawadi na ubane faida yake mwenyewe. Asipoweza kushuka, mwombe abadilishe blenda kwa kitu ambacho ungelazimika kukinunua jioni hiyo hiyo: kifaa cha kuilinda friji umeme unapopotea na kurudi kwa nguvu, au usafiri wa pikapu hadi Umoja au Kitengela. Kitu ambacho ungekitolea pesa kamili siku hiyo ni sawa na punguzo.

Ndani ya supamaketi

Desemba, rafu za supamaketi hujaa vitu viwili viwili vilivyofungwa pamoja: majani ya chai na kikombe, mafuta ya kupikia na sabuni, dawa ya meno na mswaki. Shika furushi moja la majani ya chai uligeuze. Mara nyingi seloteipu imezunguka pale pale palipochapishwa tarehe ya mwisho wa matumizi, au kikombe kimeifunika. Mwombe mhudumu alifungue au akupe pakiti nyingine, kwa maana bidhaa inayokaribia kupitwa na muda ni mojawapo ya zile ambazo duka lina haraka ya kuziondoa. Kisha linganisha gramu. Pakiti ya gramu 450 yenye kikombe inaweza kukaa kando ya pakiti ya gramu 500 isiyo na kikombe kwa bei ile ile, na hapo kikombe umekilipia kwa gramu 50 za majani.

Makapu ya Krismasi yaliyofungwa kwa plastiki inayong'aa yapime kwa njia fupi: orodhesha vilivyomo, tafuta bei ya kila kimoja kwenye rafu za duka hilo hilo, jumlisha. Jumla ikiwa chini ya bei ya kapu, umeombwa kulipia plastiki na utepe. Ikiwa juu, ondoa vitu ambavyo usingevinunua, halafu ulinganishe upya.

Ukifika kwa keshia, tazama kioo cha mashine wakati bidhaa zinapopitishwa. Punguzo lililobandikwa kwenye rafu huweza kuwa halijaingizwa kwenye mfumo, na ni rahisi zaidi kulirekebisha kabla ya kulipa kuliko baada ya kupanga foleni ya huduma kwa wateja siku ya mkesha wa Krismasi.

Vocha, pointi na ofa za mtandaoni

Vocha ya Sh1,000 ya kutumia Januari ni zawadi, hata ikiwa imeandikwa kama pesa. Inakulazimisha kurudi katika duka lile lile, mara nyingi ununue zaidi ya kiwango fulani, kabla ya tarehe fulani. Juu ya hayo, ni ahadi ya duka, na duka linaweza kufungwa. Wakazi wa Nairobi waliishuhudia Nakumatt, iliyokuwa supamaketi kubwa kuliko zote nchini, ikiwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na wadai wake wakapiga kura ifungwe kabisa Januari 2020. Matawi ya Tuskys nayo yakafuata njia ya kufungwa. Punguzo ulilopewa leo kwenye kaunta halitegemei kama duka litakuwepo kesho. Binafsi, vocha ya namna hiyo huihesabu kwa nusu ya kilichoandikwa, na ile yenye masharti ya kununua zaidi huihesabu kuwa sifuri.

Usafirishaji wa bure mtandaoni ni jambo tofauti. Kama ungelipa Sh250 kuletewa mzigo, basi umepunguziwa Sh250, hesabu iishie hapo. Tatizo huanza unapoambiwa ongeza bidhaa za Sh900 ili usafirishaji uwe bure.

Kwa simu zinazouzwa kwa malipo ya kila siku, ambazo Desemba huja na spika au vipokea sauti vya masikioni, usitazame zawadi kabisa kabla ya kujumlisha malipo yote. Amana ya Sh5,000 na Sh100 kila siku kwa siku 365 ni Sh41,500. Ikiwa simu hiyo hiyo inauzwa Sh27,000 taslimu, spika hiyo imetanguliwa na gharama ya Sh14,500.

Ni lini zawadi ishinde

Zipo hali ambazo zawadi ni bora, na haki inataka zitajwe. Kama zawadi ni bidhaa ile ile unayoitumia kila wiki na haiharibiki, kama vile sabuni, na muda wake wa matumizi ni mrefu, basi nyongeza ni sawa na punguzo. Jiko la gesi linalouzwa pamoja na mpira na regyuleta unavyolazimika kuwa navyo ndipo uwashe moto limekuongezea thamani kamili, ilimradi vifaa hivyo vina alama ya ubora ya Shirika la Viwango Kenya na regyuleta inaingia kwenye mtungi ulio nao. Mwaka wa ziada wa waranti kwa friji au mashine ya kufulia unaweza kuzidi punguzo dogo, kama waranti imeandikwa, ina muhuri, na inatolewa na kampuni yenye kituo cha huduma hapa jijini. Na pale ambapo bei ya chini kabisa sokoni ni ile ile katika maduka yote, pokea zawadi kwa moyo mkunjufu; hujailipia.

Risiti, kurudisha bidhaa na malalamiko

Dai risiti ya eTIMS, yaani ile ya mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na uhakikishe bei iliyochapishwa ndiyo uliyolipa. Kodi ya VAT ya asilimia 16 tayari imo ndani ya bei ya rafu, kwa hiyo muuzaji anayekubali punguzo kisha akasema "bila risiti" anakunyima uthibitisho wa waranti, na punguzo hilo halifai. Ukichukua ofa ya zawadi, omba kila zawadi iandikwe kwenye risiti pamoja na namba yake ya modeli. Kisha uliza, kabla ya kulipa, mambo mawili: je, zawadi ina waranti yake, na je, nikirudisha friji nitadaiwa zawadi? Maduka mengi hutaka furushi lote lirudi, na birika lililokwisha kutumika hukatwa kwenye pesa zako kwa bei ya bango. Aliyenunua kwa punguzo ana kitu kimoja cha kurudisha na kiasi kimoja cha kudai.

Ukikuta umepotoshwa, iwe ni punguzo lisilokuwepo au zawadi uliyotangaziwa ikakosekana, anza kwa meneja wa duka ukiwa na risiti na picha ya bango. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na habari anazohitaji ili anufaike nazo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei. Malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kama tatizo ni uzito au ujazo uliopungua kwenye pakiti, Idara ya Vipimo na Mizani ndiyo inayohusika. Eleza tarehe, tawi, modeli, bei iliyotangazwa na bei uliyolipa, na uambatishe picha.

Hatua ya mwisho: ihamishe akiba siku hiyo hiyo

Akiba inayobaki kwenye salio la M-Pesa wakati wa Desemba humezwa na nauli za kwenda mashambani zinazopanda, nyama choma na michango. Kwa hiyo, kabla ya kutoka mlangoni mwa duka, chukua tofauti kati ya kiasi cha juu ulichoandika kwenye orodha na ulicholipa, uitume mara moja mahali ambapo haitatumika ovyo: akaunti ya sacco, akiba iliyofungwa ya M-Shwari, au moja kwa moja kwenye akaunti ya shule ya mtoto, ukihifadhi ujumbe wa uthibitisho. Katika mfano wetu wa friji, kama uliandika kiasi cha juu cha Sh52,000 na ukalipa Sh47,500, ni Sh4,500 za kutuma, au Sh2,600 ikiwa umenunua pia birika na chupa ya chai.